Waliokataa Kutawaliwa: Mumbo, Kabondo na Safari ya Lamu

Leo tuzungumze juu ya watu waliofungwa na kuhamishwa kwa sababu moja: walisema hawataki serikali. Hawakuomba serikali nzuri zaidi, wala nafasi kwenye baraza, wala kupunguziwa kodi. Walitaka iondoke, na yote iliyokuja nayo.

Huko Ulaya watu wa msimamo huo huitwa maanakisti. Wengi wetu tukilisikia jina hilo tunafikiria mabomu na fujo, lakini wenyewe walikuwa na hoja yao. Walisema binadamu wanaweza kulima, kuamua kesi na kutunzana bila mtu mmoja kukaa juu yao na bunduki. Peter Kropotkin, mwana wa ukoo wa makabaila wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1842, aliuacha ukubwa wa nyumbani kwao kwa ajili ya hoja hiyo. Alifungwa kwenye ngome ya Petro na Paulo, akatoroka mwaka 1876, kisha Ufaransa nayo ikamfunga kuanzia mwaka 1883 hadi 1886. Vitabu vyake vinasomwa hadi leo, na hakuna msomi anayemwita mwendawazimu.

Sasa turudi kwetu, hapa Oyugis. Mji huu uko kwenye barabara kuu ya kutoka Kisumu kwenda Kisii, mlima Wire ukiutazama kutoka juu. Siku ya soko utasikia Kijaluo na Kigusii kwenye kibanda kimoja, na jirani yake uko Kabondo, nchi ya viazi vitamu. Huko Kabondo, zaidi ya miaka 100 iliyopita, alikuwepo mtu aliyeitwa Mosi Auma. Katika vitabu anatajwa kwa mistari michache. Alikuwa miongoni mwa waliobeba ujumbe wa Mumbo katika Nyanza ya Kusini na kuuvusha mpaka hadi kwa Abagusii.

Ujumbe wenyewe ulianzia Alego mwaka 1913, kwa Onyango Dunde. Alisimulia kwamba jioni moja nyoka mkubwa sana alitokea ziwani, akammeza, kisha akamtema salama na kusema naye. Nyoka huyo alijitambulisha kuwa Mumbo, mwenye makao mawili, moja ziwani na jingine kwenye jua. Alimtuma awaambie watu kwamba dini ya wamisheni imeoza, na desturi yake ya kuwavisha watu nguo imeoza vilevile. Wafuasi wafuge nywele, wavae ngozi, wachinje mifugo ya kiume kuwa sadaka. Wazungu wote ni adui, na siku zao za kuondoka zimekaribia.

Wasikilizaji, najua wapo wanaocheka sasa hivi. Nyoka aliyemeza mtu! Nawaomba mngoje kidogo, tuulize swali ambalo afisa wa serikali hakutaka kuliuliza. Mwaka 1913, mtu wa Kabondo aliyekubali ujumbe huu alikuwa anakataa nini hasa?

Serikali ya Waingereza ilikuwa bado ngeni kabisa katika sehemu hizi. Kituo chao cha kwanza kilikuwa Karungu, kule pwani ya ziwa ambako leo ni kaunti ya Migori. Mwaka 1907 wakafungua kituo Kisii. Kikaja kitu kinachoitwa kodi ya nyumba. Kila kibanda kililipiwa, kwa hiyo mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu, na pesa za kulipia hazikupatikana kwa kuuza mtama kwa jirani. Zilipatikana kwa kwenda kufanya kazi ya mzungu. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Wakaja na machifu pia. Hapa ningependa tukae kidogo, maana ndipo jambo lilipo. Kabla ya hapo Wajaluo walikuwa na ruoth, ndiyo, lakini ruoth hakuwa na polisi. Kesi ya ardhi iliamuliwa na jodong' gweng', wazee wa sehemu ile, waliokijua kila kijito na kila kaburi. Abagusii wengi hata mtu wa namna ya ruoth hawakuwa naye; wazee wa ukoo walikaa pamoja wakaamua. Mtu asiyeridhika na uamuzi aliweza kuhamia kwa wajomba zake. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyefanya utafiti kwa Wanuer wa nchi ambayo leo ni Sudan Kusini na baadaye akaja kwetu, aliandika kwamba inawezekana kabisa watu wakaishi kwa utaratibu bila kuwa na serikali. Wanuer ni ndugu wa Wajaluo. Kwa hiyo chifu aliyeteuliwa na mzungu, mwenye askari, mwenye haki ya kukusanya kodi na kuwatoa vijana kwa kazi za barabara, alikuwa kitu kipya kuliko reli.

Abagusii walikuwa wameshaonja gharama ya kukataa kwa mkuki. Januari 1908 kijana Otenyo, akitiwa moyo na nabii wa kike Moraa, alimchoma mkuki mgongoni G. A. S. Northcote, mkuu wa wilaya. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa. Jeshi likaletwa, nyumba zikateketezwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa kwa wingi hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni huko London, akauliza kwa maandishi kama kweli ni lazima kuendelea kuwaua watu wasio na ulinzi kwa kiasi kile. Ukifika hadi kumtia Churchill wasiwasi juu ya kuua watu wa koloni, ujue umevuka mipaka mingi.

Miaka mitano baada ya hapo ndipo ujumbe wa Mumbo ukaja. Mkuki ulikuwa umeshindwa na bunduki ya rashasha. Mumbo hakusema chukueni mikuki. Alisema vueni nguo zao, acheni dini yao, msiwatii, nao wataondoka. Nguo ilikuwa sare ya msomi wa misheni na ya karani. Nywele zilizonyolewa zilikuwa alama ya mtu wa shule. Waadventista walikuwa wamefika Gendia mwaka 1906, wakajenga kituo kingine hapa Wire Hill, na Wakatoliki wakafika Nyabururu mwaka 1911. Kukataa kunyoa katika nchi hiyo kulikuwa kusema mbele za watu wote: mimi si wao. Na kila mtu aliielewa lugha hiyo, hata chifu.

Kisha ikatokea ambayo hakuna nabii angeweza kuipanga. Vita vikaanza Ulaya Agosti 1914. Mwezi uliofuata Wajerumani kutoka nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika wakaingia upande huu, na maofisa wa Kiingereza wa Kisii wakaondoka mjini. Waliondoka! Yale aliyosema Mumbo mwaka mmoja tu kabla, watu wakayaona kwa macho yao. Maduka yakavunjwa, misheni zikaporwa, ofisi za serikali pia. Tarehe 12 Septemba majeshi ya Kiingereza yakapambana na Wajerumani pale Kisii, na Wajerumani wakarudi nyuma. Serikali ikarejea na hasira. Ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, nyumba zikachomwa, na wanaume wakachukuliwa kwa nguvu kwenda kubeba mizigo ya vita, ile kazi iliyouachia mtaa wa Nairobi jina la Kariokor. Wengi kutoka Nyanza hawakurudi, na magonjwa na njaa ndivyo vilivyowaua zaidi kuliko risasi.

Ungedhani Mumbo angekufa hapo. Hakufa. Aliendelea chinichini, na kwa Abagusii ujumbe wake ukaungana na kumbukumbu ya Sakawa, mtabiri wa Kitutu aliyetoweka mwanzoni mwa karne ya ishirini, ambaye watu waliamini atarudi. Wanawake nao walikuwa mbele katika mambo haya, jambo ambalo wala misheni wala baraza la chifu halikuwaruhusu.

Nisiwafiche upande wa pili. Utabiri haukutimia. Mumbo aliahidi chakula kitakachokuja chenyewe, na mtu aliyeamini akaacha jembe alilala njaa. Mifugo iliyochinjwa kuwa sadaka haikurudi, na ilikuwa mali ya familia, akiba ya mahari na ya mwaka wa ukame. Mtu aliyepoteza dume lake la mwisho kwa sababu ya ahadi ile alikuwa na haki ya kulalamika. Nayasema haya kwa sababu ninawaheshimu watu wale. Kumheshimu mtu ni kumchukua na makosa yake, kama tunavyomchukua mpigania uhuru yeyote mwenye sanamu mjini. Kosa lao lilikuwa katika ahadi. Katika walichokikataa, yaani kodi ya lazima, kazi ya lazima, chifu wa kuteuliwa na ng'ombe kuchukuliwa bila kesi, hawakukosea hata kidogo.

Na serikali ilijua hivyo, ndiyo maana haikuwacheka. Ilizifuatilia nyendo zao, ikaziandika, ikawakamata. Mwaka 1921 viongozi wa Mumbo wakapelekwa Lamu. Miaka ya mwanzo ya 1930, bei za mazao zilipoanguka duniani na nzige wakala mashamba ya Nyanza, jina la Mumbo likasikika tena kwa nguvu. Mwaka 1934 wengine wakahamishiwa Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini.

Fikirieni safari hiyo. Mtu wa nyanda hizi za baridi, wa mvua ya kila jioni, ambaye hajawahi kuona maji ya chumvi. Anavushwa Nyanza, anaingizwa kwenye garimoshi Kisumu, anapita Nairobi, anashuka Mombasa, anapandishwa chombo cha tanga au meli kuelekea kaskazini. Anafika mahali ambapo hakuna anayejua lugha yake, watu ni Waislamu wa miji ya kale, joto halipungui usiku. Hakuhukumiwa kifungo cha miaka maalumu. Hakuna hakimu aliyempa tarehe ya kurudi. Alihamishwa kwa amri tu, kwa kuwa kumpeleka mahakamani kungehitaji kosa, na kosa lenyewe lingekuwa gumu kulitaja. Sheria gani inakataza mtu kufuga nywele? Kumhamisha kulikuwa rahisi zaidi. Harry Thuku alifanyiwa hivyo mwaka 1922, akapelekwa Kismayu. Samuel Muindi Mbingu wa Wakamba akapelekwa Lamu mwaka 1938. Pwani ya Waswahili iligeuzwa jela ya bara, na mtu akiandika historia ya Lamu bila kuwataja wageni hawa wa kulazimishwa, amekata ukurasa.

Lakini ninyi watu wa kaunti yetu ya Homa Bay mna jambo jingine la kukumbuka hapa. Mwaka ule ule wa 1934, wakati watu wa Mumbo wakipelekwa Kipini, serikali ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa Watalai katika nchi ya Kipsigis. Talai ni ukoo wa orkoiik, viongozi wa kiroho. Wa ukoo huo alikuwa Koitalel arap Samoei wa Wanandi, aliyeuawa kwa hila mwaka 1905. Mamia ya watu, wazee, wanawake na watoto, walihamishwa kutoka nyanda za chai. Wakaletwa wapi? Gwassi. Hapa hapa kwetu, kando ya ziwa, penye mbung'o na malaria, na wengi walikufa kwa magonjwa. Walikaa hadi karibu na uhuru. Kwa hiyo sehemu hii ya Nyanza ilitoa wafungwa wa kisiasa, na yenyewe ikawa jela ya wafungwa wa kisiasa wa wengine. Sidhani kuna mwanafunzi wa Oyugis anayefundishwa hayo mawili kwa pamoja.

Anafundishwa harakati ya Piny Owacho. Na ni vizuri. Tarehe 23 Desemba 1921, pale Lundha, Gem, vijana waliosoma Maseno walikutana na kudai kodi ipungue, kipande kiondolewe, kazi ya kulazimishwa ikome. Walikuwa mashujaa. Lakini tazama ule mwaka: 1921, mwaka ule ule wa watu wa Mumbo kupelekwa Lamu. Madai yalikuwa karibu yale yale! Tofauti ni kwamba wale wa Lundha waliandika madai kwa Kiingereza, na wale wa Mumbo walivaa ngozi. Serikali ilikaa na wa Lundha mezani, na ndani ya miaka miwili shemasi mkuu Owen alikuwa amekigeuza chama chao kuwa chama cha kulipa kodi kwa utaratibu, kuchimba vyoo na kupanda miti. Waliokataa meza walipelekwa baharini. Kisha sisi wenyewe, baada ya uhuru, tukaandika vitabu vya shule kwa kufuata mgawanyo huo wa mkoloni: mwenye kalamu ni mwanasiasa, mwenye ngozi ni mshirikina. Profesa Bethwell Ogot, aliyetutoka Januari 2025, pamoja na Profesa William Ochieng', walikwisha kuonyesha tangu mwaka 1972 kwamba Mumbo ilikuwa harakati ya kuupinga ukoloni. Ni zaidi ya miaka 50 sasa, na darasani bado ni nyoka tu.

Njia nyingine ya kumnyamazisha mtu wa aina hii ilikuwa kumwita kichaa. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyewahi kuichezea Kenya kandanda, aliwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kwa karibu miaka miwili baada ya mwaka 1945, kabla ya kupelekwa Lamu mwaka 1948. Namtaja Masinde kwa sababu yeye aliishi hadi uhuru. Na uhuru ulipokuja, hakuikubali serikali mpya pia. Aliona chifu yule yule, kodi ile ile, ardhi ya walowezi inauzwa badala ya kurudishwa. Serikali ya Kenyatta ikapiga marufuku dini yake, Dini ya Msambwa, mwaka 1968, na Masinde akarudi jela ya Waafrika wenzake. Mumbo nayo ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1954, katika hofu ya Mau Mau. Ukitaka anakisti wa kweli katika historia ya Kenya, mtu ambaye mabadiliko ya bendera hayakumdanganya, anza na Masinde.

Je, mimi nasema tuvunje serikali? Nina watoto wanaosoma shule ya umma na mama anayetibiwa katika hospitali ya kaunti. Nataka daktari alipwe na barabara itengenezwe. Ninachosema ni kwamba nchi inayomwona kila anayekataa kuwa mgonjwa au mhalifu itaendelea kuua watu wake. Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wakijitangaza hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila. Wakubwa walitafuta nani wa kuitwa mezani, wakamkosa. Tarehe 25 risasi zikapigwa, watu wakafa, na kesho yake rais akatangaza hatautia sahihi mswada ule. Wengine walitekwa na watu waliofunika nyuso, wakazuiliwa siku kadhaa bila kufikishwa mahakamani. Neno lililotumika juu yao lilikuwa uhaini.

Na mwaka uliofuata jambo likatufika nyumbani. Albert Ojwang, mwalimu, mwana wa Kabondo, alikamatwa hapa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa sababu ya maneno yaliyochapishwa mtandaoni juu ya afisa mkubwa wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, safari ya saa nyingi, na kabla hakujapambazuka vizuri alikuwa amekufa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga ukutani. Madaktari walipoupasua mwili walisema majeraha ya kichwa na alama za kubanwa shingo hazilingani na hadithi hiyo. Ojwang hakuwa anakisti, na sitaki kumvalisha vazi lisilo lake. Alikuwa mwalimu mwenye simu na maoni. Lakini aliondolewa kwao kwa namna ile ile: mtu anachukuliwa kutoka kwa wazazi wake, anapelekwa mbali, kosa lenyewe halijasomwa mbele ya hakimu.

Jina la Ojwang tunalijua kwa sababu baba yake alimfuata mwanawe hadi Nairobi, akasubiri kituoni, akakataa kunyamaza. Watalai nao majina yao wanayajua. Waliyahifadhi, ukoo kwa ukoo, ndiyo maana mwaka 2022 wao na Wakipsigis waliweza kupeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza hadi mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Hakuna mahakama inayosikiliza malalamiko ya watu wasio na majina.

Watu wa Mumbo wa upande wetu wana majina machache mno kwenye karatasi. Kwa hiyo ombi langu ni hili, kwa walimu wa historia wa Kabondo na Kasipul, na kwa ninyi mlio na babu na bibi waliobaki: ulizeni nyumbani. Katika ukoo wenu, nani alichukuliwa akapelekwa Mombasa na hakurudi? Nani aliyerudi akiongea Kiswahili cha pwani? Mama yupi alibaki na shamba na watoto, na ni nani aliyemsaidia kulipa kodi ya nyumba ya mtu aliyeko Lamu? Andikeni jina, jina la baba, kijiji na ukoo. Kisha leteni hapa studio, au mpeleke kwenye maktaba ya shule iliyo karibu, nasi tutayasoma hewani, kila wiki, hadi yaishe.